Kicheko kisicho na furaha: uchambuzi wa kisa cha Kashasha, 1962

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya kati ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni kijijini Kashasha, maili 25 hivi kutoka mji wa Bukoba nchini Tanganyika, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Kicheko kilipokewa na wenzao, kikachanganyika na kilio na mahangaiko, na ilipofika tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameugua. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 12 na 18. Walimu walikuwa watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyepatwa.

Kisa hiki kimezunguka dunia kwa zaidi ya miaka sitini, na mara nyingi kimesimuliwa kama kichekesho: nchi changa, wiki saba tu baada ya Uhuru, iliyocheka mwaka mzima bila kukoma. Simulizi hilo si la kweli, na hata mwili wa binadamu unalikataa, kwa kuwa kicheko ni pumzi inayotolewa vipande vipande kwa nguvu ya misuli ya mbavu na ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na hakuna mtu awezaye kupumua hivyo kutwa nzima, sembuse mwaka. Ninakichambua hapa kwa sababu ni vigumu kupata kisa kingine cha Afrika Mashariki kinachoonyesha wazi kiasi hiki jinsi ubongo unavyoweza kuuguza mwili ambao haukuingiliwa na kidudu wala sumu, na jinsi kauli zetu za kila siku, kama vile “ni mawazo tu” au “wanajifanya”, zinavyotuzuia kuliona jambo lenyewe.

Mwendo wa ugonjwa

Wanafunzi walirudishwa makwao, na ugonjwa ukafuatana nao. Baadhi yao walikuwa wenyeji wa Nshamba, na huko, katika miezi ya Aprili na Mei, watu 217 miongoni mwa wakazi wapatao 10,000 walipatwa, wengi wao wakiwa watoto wa shule na vijana wa kike na wa kiume. Shule ya Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wasichana 57 wakaugua, na mwishoni mwa Juni milango ikafungwa kwa mara ya pili. Mwezi huohuo wa Juni, shule nyingine ya kati ya wasichana, Ramashenye, iliyokuwa karibu na Bukoba, ilipata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154, na kutoka hapo ugonjwa uliingia katika familia za vijiji vya jirani na kusababisha shule za wavulana nazo kufungwa. Hesabu inayotajwa kwa kisa kizima ni shule 14 zilizofungwa kwa nyakati mbalimbali na watu wapatao elfu moja walioguswa. Hakuna aliyekufa.

Wenyeji waliupa ugonjwa jina kabla ya madaktari. Katika Kihaya uliitwa, kama ripoti ya kitabibu inavyoandika, enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, na wengine waliuita akajanja, yaani wazimu. Ziliibuka pia fununu kuhusu chanzo chake: kuna waliosema unga wa mahindi umetiwa sumu, na kuna waliosema hewa imechafuliwa na majaribio ya mabomu ya atomiki, ambayo wakati ule yalikuwa yakifanywa angani na kutangazwa redioni. Fununu hizi si za kubezwa. Watu walioshuhudia watoto wao wakibadilika ndani ya saa chache walitafuta kitu kilichoingia mwilini kutoka nje, na ndivyo daktari yeyote mwangalifu naye angepaswa kuanza.

Walichokikuta madaktari

Waliochunguza kisa hiki na kukiandika ni A. M. Rankin, aliyekuwa Makerere, na P. J. Philip, daktari wa serikali wilayani Bukoba. Ripoti yao ilitoka mwaka 1963 katika jarida la kitabibu la Afrika ya Kati, nayo imeandikwa kwa utulivu ambao wasimuliaji wa baadaye wameukosa. Wanaeleza kwamba karibu kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine saa au siku chache kabla. Shambulio lilianza ghafla, likadumu kati ya dakika chache na saa chache, likapoa, kisha likarudi. Mtu aliweza kupatwa mara moja au hata mara nne, na aliyeugua kwa muda mrefu zaidi aliugua siku 16. Mgonjwa hakutulia, na akishikwa kwa nguvu aliweza kuwa mkali. Wapo waliosema kwamba kuna vitu vinatembea kichwani, na wapo waliosema kwamba wanaogopa, kuna mtu anawakimbiza nyuma.

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo kiini cha kisa, na ni ajabu kwamba huachwa kila kinaposimuliwa. Anayehisi kukimbizwa hana furaha. Sauti inayomtoka ni ya kicheko, lakini hali iliyo chini yake ni hofu. Laiti wagonjwa wa Kashasha wangetetemeka au kupiga mayowe, hakuna mtu nje ya Buhaya ambaye angekumbuka jina la kijiji hicho leo. Kicheko ndicho kilichowapa umaarufu, na kicheko hichohicho ndicho kilichowapotosha wasomaji.

Katika kuwapima, madaktari hawakukuta homa. Shingo hazikuwa zimekakamaa, kama ambavyo zingekakamaa katika homa ya uti wa mgongo. Hakukuwa na degedege wala kupoteza fahamu. Maji ya uti wa mgongo yalipochukuliwa kwa baadhi ya wagonjwa yalikuwa safi, na uchunguzi wa damu haukutoa kidudu cha kulaumiwa. Mambo mawili tu ndiyo yaliyoonekana kutokuwa ya kawaida, na yote mawili yalihusu mfumo wa neva: mara nyingi mboni za macho zilikuwa zimepanuka kuliko za wasiougua, ingawa ziliendelea kusinyaa zikimulikwa, na mshtuko wa mguu pale goti linapogongwa kwa nyundo ndogo ya daktari ulikuwa mkali kupita kawaida.

Wengi huzipita dalili hizi mbili upesi kwa kuwa ni ndogo. Mimi nadhani ndizo zinazostahili kusomwa pole pole kuliko zote. Mboni zilizopanuka ni dalili ambayo mtu wa mashambani ataihusisha mara moja na mnanaha, mmea ambao mbegu zake huleta wazimu wa muda. Lakini sumu ya mnanaha huzuia neva zinazoisinyaza mboni, kwa hiyo jicho lililopanuliwa nayo hubaki wazi hata likimulikwa, na mgonjwa huwa na kinywa kikavu na ngozi ya moto. Mboni za wasichana hawa zilisinyaa. Jicho lilikuwa zima, na neva zake zilikuwa nzima. Kilichokuwa kikiipanua mboni kilikuwa amri kutoka juu, ile amri inayotolewa mtu anapokabili hatari. Mshtuko mkali wa goti nao una maana iyo hiyo, kwa sababu kwa kawaida ubongo hupeleka chini kwenye uti wa mgongo ishara za kuutuliza, na mtu akiwa katika taharuki ishara hizo hubadilika, misuli ikawa tayari kwa kukimbia. Kwa maneno mengine, waliopima kwa tochi na nyundo walikuta alama za mwili ulioamini kwamba unakimbizwa.

Njia mbili za kicheko

Swali linalofuata ni kwa nini hofu itoke kwa sauti ya kicheko, na jibu liko katika mpangilio wa ubongo wenyewe. Kicheko kina njia mbili. Ya kwanza ni ya hiari: mtu akiamua kucheka ili kumridhisha mkubwa wake, amri hutoka kwenye sehemu za mbele za gamba la ubongo, zile zinazoendesha mwendo wa makusudi. Ya pili haipiti huko. Huanzia ndani, kwenye maeneo ya hisia kama amigdala na haipothalamasi, ikashuka hadi kwenye shina la ubongo, ambako pumzi, sauti na misuli ya uso huunganishwa kuwa tendo moja. Ushahidi wa kwamba njia hizi ni tofauti unaonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa kiharusi: ukimwomba mmoja wao atabasamu, mdomo unakwenda upande mmoja tu, lakini mjukuu akimchekesha ghafla, uso wote unafunguka, pande mbili, kana kwamba haukupooza.

Njia hii ya pili haina ufunguo mmoja. Kicheko na kilio hutumia takriban mitambo ileile ya pumzi na sauti, na maeneo yanayoviamsha yanakaribiana, ndiyo maana mtu mzima mwenye heshima zake anaweza kuangua kicheko msibani na kuona aibu mwaka mzima. Kinachozuia hayo yasitokee kila siku ni breki inayotoka sehemu ya mbele ya ubongo. Breki hiyo hukamilika kukua mtu akikaribia miaka ishirini na kitu, na hulegea kwa uchovu, kwa kukosa usingizi na kwa hofu iliyodumu. Msichana wa miaka kumi na mitatu aliye bwenini, mbali na mama yake, chini ya ratiba ya kengele na sheria ambazo nyingi hakuzikuta nyumbani, ana breki changa, na huenda ana usiku mwingi asiolala vizuri. Yeyote aliyesoma bweni anaijua hali ile ya saa nne usiku, taa zimezimwa, mwalimu wa zamu yuko mlangoni, na kicheko kidogo cha kitanda cha tatu kinapita safu nzima ya vitanda ingawa kila mmoja anajua adhabu yake. Kashasha ilikuwa hali hiyohiyo iliyopoteza breki, wala haikuwa jambo la kigeni lililotoka nje ya ubinadamu.

Ni sharti niseme pia kwamba yapo magonjwa ya ubongo yanayoleta kicheko pasipo furaha. Kiharusi kinaweza kukata njia ya breki na kumwacha mgonjwa akicheka au kulia bila sababu. Uvimbe adimu wa haipothalamasi kwa watoto huleta kifafa ambacho dalili yake ni kicheko. Daktari anayeletewa mtoto mmoja anayecheka hivyo anawajibika kuyafikiria hayo. Lakini magonjwa hayo hayamrukii jirani wa kitanda, na hayamwachi mgonjwa akiwa mzima kabisa baada ya siku 16.

Kilichosafiri

Ukitazama hesabu kwa jicho la mchambuzi, utaona zinajipanga. Kashasha, ambako wanafunzi walilala, wakala na kusali pamoja saa 24, waliougua ni karibu 60 kwa kila 100. Ramashenye ni 31 hivi kwa kila 100. Nshamba, kijiji chenye nyumba zilizotawanyika katikati ya migomba, ni wawili tu kwa kila 100. Kidudu kinachoenea kwa maji au kwa chakula hakingewabagua walimu, wala kisingesubiri kuona nani anamtazama nani. Kilichosafiri kilifuata macho na masikio, kikapata nguvu pale watu walipofanana kwa umri, hali na wasiwasi, kikadhoofika walipotengana.

Ubongo wa binadamu hunakili. Miayo huambukizana, na watu waliokaa pamoja huishia kupumua kwa mwendo unaofanana. Mtafiti wa Marekani Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kukihesabu kicheko katika mazingira yake ya kawaida, aliona kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake. Yaani kicheko ni cha kundi kabla ya kuwa cha mtu. Juu ya kunakili, ubongo pia hubashiri. Haungoji taarifa ziletwe kutoka tumboni au kifuani ndipo uamue mwili uko katika hali gani, bali hutangulia kukisia, kisha huzisoma taarifa kwa mujibu wa makisio. Msichana aliyeona wenzake ishirini wakianguka, na akasikia kwamba ugonjwa huanza na kitu kutembea kichwani, ataanza kukipeleleza kichwa chake mwenyewe. Na kichwa chochote kikipelelezwa kwa hofu kitatoa kitu. Moyo utaongeza kasi, pumzi itafupika, vidole vitapata ganzi kwa sababu ya kupumua haraka mno, na kila dalili itathibitisha kilichoogopwa.

Rankin na Philip walihitimisha kwamba hii ilikuwa taharuki ya kundi lililo katika mazingira ya kuipokea, na kwamba huenda sura yake imeundwa na utamaduni. Mwaka 2007 msomi Christian Hempelmann alikirudia kisa hiki na kuonyesha jinsi simulizi za baadaye zilivyokipamba, akakubali kwamba mzizi wake ulikuwa msongo uliowaelemea vijana. Hapo ndipo maelezo ya Uhuru yanapoingia: taifa jipya, matarajio mapya, wazazi na walimu wakidai mengi. Maelezo hayo yanavutia, ila sioni kama yanatosha. Uhuru wa Desemba 1961 uliigusa Tanganyika yote, kutoka Tanga hadi Songea, na shule za Songea hazikucheka. Sababu inayowagusa wote haiwezi peke yake kueleza kwa nini ilikuwa hapa na si pale. Ninaelekea zaidi kwenye mambo ya karibu: bweni lenyewe, msongamano wake, adhabu zake, na kutokuwa na pa kwenda. Mwalimu aliyechoka alifunga mlango wa nyumba yake. Mwanafunzi hakuwa na mlango.

Jambo hili pia linajibu, kwa sehemu, lile swali la kwa nini wasichana. Wengi husema wasichana ni dhaifu wa neva, na hapo husimama. Lakini Nshamba vijana wa kiume waliugua, na shule za wavulana zilifungwa. Askari walioko vitani wamepatwa na kupooza, upofu na kutetemeka kusikokuwa na jeraha, na hospitali za Ulaya zilijaa wanaume wa aina hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza. Kinachofanana kati ya handaki la vita na bweni ni kwamba mtu anabanwa na hofu asiyoruhusiwa kuitamka wala kuikimbia. Mwili basi hutamka kwa niaba yake.

“Ni mawazo tu”

Hapa ndipo kisa cha mwaka 1962 kinapomhusu mtu ambaye hajawahi kufika Buhaya. Tunaposema maumivu fulani ni mawazo tu, tunachukulia kwamba mawazo hayana mwili. Yana mwili. Ubongo una uzito wa kilo moja na robo au zaidi kidogo ya hapo, unatumia takriban sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika, na umeunganishwa kwa neva na homoni na moyo, utumbo, ngozi na chembe za kinga. Hofu ikiamshwa katika amigdala, haipothalamasi huamuru tezi za juu ya figo zimwage adrenalini ndani ya sekunde na kotisoli ndani ya dakika. Kwa muda mfupi hilo huokoa maisha. Likiwa la kila siku, usingizi huharibika, tumbo huvurugika, na kinga hudhoofika.

Mfano mmoja unawahusu wanafunzi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998 huko Marekani, wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walikubali kutobolewa kajeraha kadogo kwenye kaakaa mara mbili: mara ya kwanza wakiwa likizo, mara ya pili siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Kidonda kilikuwa cha ukubwa uleule na kinywa kilekile, na mwenye nacho ni yuleyule, lakini cha wakati wa mtihani kilichukua muda mrefu zaidi kupona kwa asilimia 40. Hakuna anayeweza kuiambia nyama ya kaakaa kwamba inajifanya.

Upande wa pili, wa nafuu, nao una ushahidi wake. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa watu waliotoka kung'olewa meno dawa bandia, na baadhi yao wakapata nafuu ya maumivu. Walipochomwa sindano ya naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, nafuu ile ilitoweka. Maana yake ni kwamba matumaini yalikuwa yamefungulia dawa ya maumivu ambayo ubongo hujitengenezea wenyewe. Na kuhusu wagonjwa wanaopooza au kutetemeka pasipo jeraha, picha za ubongo unaofanya kazi zilizochapishwa mwaka 2010 zilionyesha amigdala ikiwasiliana kwa nguvu isiyo ya kawaida na eneo linaloandaa mwendo. Hisia ilikuwa imeshika usukani ambao kwa kawaida uko mikononi mwa hiari. Picha za aina hiyo hazikuwapo mwaka 1962, lakini zinakubaliana na yale yaliyoonekana kwa tochi na nyundo.

Kwa hiyo katika mabishano yanayozuka kila mara shule inapopata janga la namna hii, kambi zote mbili kubwa zinakosea mahali pamoja. Anayesema watoto wamepandisha mashetani anatafuta mhusika nje ya mwili. Anayesema wanajifanya ili warudishwe nyumbani anamtafuta mhusika katika hila. Wote wawili wanaruka kiungo kilicho katikati. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza, kwa makosa yake yote, anaamini kwamba mtoto anaumwa, na mara nyingi mtoto humsikiliza yeye kuliko mwalimu mwenye fimbo.

Usiku wa kwanza

Matukio ya aina hii hayakuishia Kagera. Shule za Tanzania na Kenya huyapata tena na tena, kwa sura tofauti: kuzirai, kupiga kelele, miguu kukataa. Oktoba 2023, katika kaunti ya Kakamega nchini Kenya, wanafunzi zaidi ya 90 wa shule moja ya sekondari ya wasichana walipelekwa hospitalini wakiwa hawawezi kutembea sawasawa, na video zao zikaenea kwenye simu siku ileile. Hilo la simu ni jipya, na lina uzito. Mwaka 1962 ugonjwa ulihitaji msichana apande basi kwenda Nshamba. Sasa macho yanayotazama hayahitaji kuwa bwenini.

Kuwarudisha wote nyumbani, ambalo ndilo shinikizo la kwanza la wazazi, ni jambo ambalo kisa cha Kashasha kinalitilia shaka. Kutawanyika kulipunguza msongamano, lakini kulipeleka kicheko kijijini, na wanafunzi waliporudi tarehe 21 Mei ugonjwa ulirudi nao. Sisemi kufunga ni kosa kila mara. Nasema kwamba kufunga peke yake hakubadilishi kitu kilichowabana wasichana kabla ya tarehe 30 Januari, na siku ya kufungua watakikuta kinawangoja.

Maji na chakula lazima vipimwe kwanza, tena kwa dhati, kwa sababu sumu zipo na homa ya uti wa mgongo ipo, na kwa sababu mzazi asiyeonyeshwa majibu ataendelea kuamini fununu. Majibu yatolewe wazi, kwa kauli moja, na mtu mmoja anayeaminika. Wakati huohuo waliopatwa watenganishwe na watazamaji, na pia wao kwa wao, wawili au watatu katika chumba tulivu badala ya hamsini katika ukumbi wa chakula. Gari la wagonjwa likija likipiga king'ora uwanjani, litaleta wagonjwa wapya. Maombi ya mkesha yenye kelele, hata yakifanywa kwa nia njema, nayo huwaweka watoto macho usiku mzima mbele ya kile wanachokiogopa. Anayetaka kuwaombea anaweza kufanya hivyo kwa sauti ya chini, kando ya kitanda, kisha akawaacha walale. Kumshika mgonjwa kwa nguvu humfanya awe mkali zaidi, jambo ambalo ripoti ya 1963 ilikwisha kuliandika. Na kumwambia hana kitu ni kumtukana, maana anajua anacho.

Kinachosaidia ni kidogo na hakivutii wapiga picha. Matroni anaketi kitandani, anamwambia msichana kwamba yanayompata ni kweli, kwamba mwili wake umeshtuka na kwamba mshtuko huu hupita, kisha anampumulisha pamoja naye, kutoa pumzi kukiwa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka huiamsha neva inayoshuka kutoka shina la ubongo hadi kwenye moyo na kuupunguza mwendo. Kesho yake, au keshokutwa, mtu asiye na fimbo anakaa naye na kumuuliza anayemkimbiza ni nani. Usiku ule wa kwanza haulizwi lolote. Anaachwa apumue, taa ikiwa imepunguzwa na mlango umefungwa kwa watazamaji. Baada ya dakika kadhaa kicheko kinakatikakatika, mabega yanashuka, na mboni za macho, zilezile zilizomulikwa na madaktari wa Bukoba, zinaanza kusinyaa zenyewe.